Makopo Ishirini na Manne ya Rangi Moja

Jumapili, 8 Juni

Nimechoka. Na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Leo asubuhi Kinasih, mwanangu wa pekee, alinijia jikoni akasema ana jambo. Nikajua ni jambo baya, maana alianza kwa kunioshea vyombo vyote. Harusi yake ni Jumapili ijayo. Akasema, kwa sauti ya muuguzi anayetaka kuchoma sindano, kwamba atakayempamba ni Yuniar.

Yuniar! Niliyemfundisha mwenyewe! Miaka sita alinishikia kioo. Alikuwa hajui hata sponji inashikwaje. Mimi nimepamba mabibi harusi wa Klaten miaka ishirini na sita. Nimepamba mama, nikapamba na binti. Kuna mmoja nimempamba mara mbili, kwa waume wawili. Halafu mwanangu mwenyewe apambwe na mtu baki, na mimi nikae kitini kama mgeni mwalikwa!

Nikauliza sababu. Akasema sababu ni bibi yake.

Mama yangu ana miaka themanini na minne na watu wanamtoka kichwani mmoja mmoja. Mume wangu Giman, ambaye ameishi naye nyumba moja miaka thelathini, anamwita fundi umeme, na kila asubuhi anamuuliza kama bado hajamaliza tu. Majirani wote wamekuwa akina nanihii. Tumebaki wawili anaotujua, mimi na Kinasih. Sasa Kinasih anataka siku ya harusi, atakapopiga magoti mbele ya wazee kuomba radhi, bibi yake amtazame usoni na amwite kwa jina. Hataki kingine. Anasema nikimpamba mimi, hata yeye mwenyewe hatajijua.

Lakini si ndiyo kazi yenyewe! Bibi harusi akitoka chumbani, watu wageukiane waulizane, huyu nani? Sisi Wajava tuna neno lake kabisa, manglingi, na mpambaji hapewi sifa kubwa kuliko hiyo. Bibi harusi anayetambulika ni mtu tu aliyevaa vizuri. Nikamwambia Kinasih ni saa moja tu, akishanawa bibi yake atamjua tena. Akajibu kwamba saa hiyo moja ndiyo anayoitaka. Kisha akafuta meza, akaenda zake.

Sikubali. Uso ule niliuzaa mimi.

Jumatatu, 9 Juni

Mpango wa kwanza: kuonyesha ubora wa bidhaa.

Watu wa siku hizi wanaharibiwa na wingi wa rangi. Yuniar ana chupa za faundesheni utadhani duka la dawa. Mimi nina rangi moja. Langsat. Manjano hafifu kama maganda ya tunda la jina hilo, rangi ambayo kila mama hapa anamwombea binti yake tangu akiwa tumboni. Nilichukua makopo ishirini na manne kutoka duka moja la Solo lililokuwa linafungwa, na bado ninayo kumi na tisa. Nikikuta uso wa kahawia, kama tunda la sawo lililoiva, napaka matabaka mawili. Ukizidi kahawia, matatu. Ugumu uko wapi?

Kinasih ni sawo. Kama mimi, kama mama yangu.

Nilihitaji uso wa mfano. Giman alikuwa amesinzia kibarazani chini ya tundu la tetere wake. Nikampaka shavu la kushoto, taratibu, matabaka mawili. Hakushtuka. Nia ilikuwa nimwite Kinasih aje alinganishe mashavu, akiri mwenyewe. Lakini mtu wa maturubai akaniita kupima uwanja, na niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Giman alikuwa ameamka na kwenda kwenye mashindano ya tetere wanaolia. Hivyo hivyo!

Alirudishwa alasiri na wanaume wawili kwa pikipiki. Walidhani damu imemkimbia upande mmoja. Wamemlaza kwenye benchi, wamemnywesha chai ya tangawizi, wamemkwaruza mgongo kwa sarafu kutoa upepo mwilini, mpaka umejaa mistari myekundu. Tetere wake, kwa kukosa mtu wa kumpigia vidole, hakulia hata mara moja na akashika mkia. Giman hasemi na mimi. Huwa hasemi sana siku zote, lakini leo anatia bidii.

Kinasih alimtazama baba yake, akanitazama na mimi, akauliza makopo yamebaki mangapi.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa pili: upelelezi.

Nimekwenda kwa Yuniar na sinia la vibanzi vya mihogo, kwa kisingizio cha kutoa shukrani. Amenipokea kwa mikono miwili. Kwake mimi ni Bu, mama wa kuheshimiwa: Bu Warsiti hivi, Bu Warsiti vile, karibu Bu, kaa hapa penye upepo. Adabu zake zinanichosha kuliko matusi.

Alikuwa na mteja, mwalimu wa shule ya chekechea. Alimweka mlangoni, penye mwanga wa jua, wala hakuwasha ile taa yake ya duara. Akamchora mistari mitatu kwenye taya, kutoka chupa tatu. Halafu, sikuamini macho yangu, akaacha kufanya kazi! Akaenda kukaanga ndizi! Anasema faundesheni ikikutana na jasho na hewa hubadilika, kwa hiyo lazima ingojewe nusu saa ndipo iseme ukweli. Tulipomaliza ndizi akatazama taya. Mstari mmoja ulikuwa umegeuka jivu, mmoja umekuwa rangi ya chungwa, wa tatu haukuonekana tena. Akasema huo usioonekana ndio wenyewe.

Nikauliza, kwa upole, ni nani mwenye akili timamu anayetaka kupakwa kitu kisichoonekana. Yule mwalimu akacheka. Yuniar naye akacheka kidogo, akasema, "Bu, watu wanataka uso wao, ila uwe umelala vizuri." Uso wao! Si wanao tayari nyumbani?

Kisha akaniomba ruhusa anijaribu na mimi. Nikakubali ili nipeleleze zaidi. Mistari mitatu, taya langu, ndizi nyingine. Akanipa kichupa kidogo cha kahawia ya asali, zawadi ya mama wa bibi harusi. Miaka ishirini na sita kazini, naambiwa mimi ni kahawia! Nikashukuru sana.

Nilichopata: kwenye rafu kuna chupa imeandikwa kwa kalamu, "Kinasih". Ina kizibo cheusi.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Kinasih, kama mama na mtaalamu, kwamba mpambaji asiyefunga kabla ya harusi hutoa uso usiokuwa na nuru. Hilo hata kuku wa hapa wanalijua. Na vijana wa leo wanafunga wapi? Wanapiga picha tu.

Kinasih akampigia Yuniar simu pale pale. Kumbe Yuniar anafunga kila Jumatatu na Alhamisi tangu aanze kazi. Anasema alijifunza kwangu! Sikumbuki kabisa. Kinasih akauliza kama mimi pia nafunga. Nikasema naanza kesho, siku tatu, mutih kamili, wali mweupe na maji tu. Akauliza nafungia nini wakati simpambi mtu. Nikasema Mungu ndiye ajuaye.

Sasa nimenaswa.

Alhamisi, 12 Juni

Wali mweupe saa kumi na moja alfajiri. Maji.

Majirani wamekuja kusaidia mapishi, wanawake kumi na wanne uani, vitunguu vimejaa mabeseni. Na Idi ilikuwa Ijumaa iliyopita tu, kila friji ya kijiji hiki ina mbuzi. Bu Painem, jirani yangu wa ukutani, asiyekuwa na breki mdomoni, ameleta sufuria zima la mbuzi wa mchuzi wa nazi na kabichi. Ameliweka mbele yangu akafunua kifuniko. Akasema, "Maskini Bu Warsiti, leo wewe wa kunusa tu." Mwanamke huyu!

Nilivumilia mpaka saa tano. Ilibidi mtu aonje chumvi. Nilijibanza nyuma ya mlango wa stoo na bakuli dogo. Nilikuwa kwenye kipande cha nne nikasikia mlango unavutwa. Mama. Alinitazama kwa furaha, akageukia uani, akatangaza kwa sauti ambayo sijaisikia kwake miaka mitano, "Warsiti huyu hapa! Anakula mbuzi nyuma ya mlango!"

Wanawake kumi na wanne. Visu vyote vilisimama.

Hajui jana, hajui leo, hajui rais ni nani. Lakini mimi ananijua hata gizani na mdomo umejaa. Bu Painem alicheka mpaka akakalia beseni la vitunguu.

Ijumaa, 13 Juni

Wali mweupe. Maji. Sina la kuandika.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa mwisho. Huu hauwezi kushindwa.

Yuniar alileta sanduku lake mchana ili alfajiri asichelewe. Likawekwa chumba cha bibi harusi. Alasiri ikawa ile shughuli ya kumwogesha Kinasih kwa maji ya maua. Kila mzee anammwagia kata moja na kumwombea dua. Akatangulia baba yake, analia waziwazi, halafu nikafuata mimi. Kinasih alikuwa amevaa mavazi ya jasmini, macho kayafumba, maji yanamtiririka kwenye kope. Nilimmwagia kata yangu. Nikataka kusema kitu, nikasahau ni kitu gani. Basi nikampa kata mtu wa tatu, na watu wote wakiwa wanatazama maji, nikaponyoka.

Chumbani nilifungua sanduku. Chupa yenye kizibo cheusi ilikuwa ya kwanza kabisa, imefungwa kitambaa. Nikaimimina yote chooni. Nikaisuuza. Nikaijaza langsat kutoka kopo langu kwa kijiko cha chai. Kazi ya dakika kumi, na kijiko kikanidondoka mara mbili. Lakini sasa utamu wake: kesho Yuniar atampamba Kinasih kwa rangi yangu! Watu watashangaa, watauliza huyu nani, na mimi nitajua moyoni kwamba kazi ni yangu. Sitasema. Labda nitamwambia Bu Painem.

Nilipotoka walikuwa wameshamaliza. Kinasih amefungwa kanga kavu, anatetemeka kwa baridi, anaangaza huku na huku. Akaniuliza nilikuwa wapi wakati bibi anammwagia maji. Anasema bibi aliimba. Sikuwa nimesikia. Nikasema nilikuwa natafuta taulo.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa bado na batiki yangu ya sherehe, maana sina nguvu ya kufungua pini.

Alfajiri Yuniar alimketisha Kinasih dirishani na kungoja jua. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya napanga viatu. Akafungua chupa. Kabla ya lolote, akachora mstari mmoja kwenye taya. Mstari mmoja tu! Kila siku anafanya hivyo, hata kwa mtu aliyempima wiki iliyopita, na mimi nilikaa kwake nikamwona akifanya, na haikuniingia akilini! Mstari uling'aa kama chokaa ukutani.

Hakupiga kelele. Alitazama chupa. Alitazama sanduku. Halafu alitazama kucha zangu, nami nikazitazama, na zilikuwa na manjano pembeni. Akanyoosha karatasi laini, akasema, "Bu, mkono umechafuka kidogo." Basi. Akaufuta ule mstari, akatoa chupa nyingine mbili, akachanganya kwenye kiganja chake, akachora tena, akangoja nusu saa nzima huku mpiga picha analalamika. Kinasih hakuambiwa chochote mpaka sasa. Ningependelea matusi.

Nilikimbilia chumbani kwangu. Kama bibi harusi hatakuwa na langsat, basi mama wa bibi harusi atakuwa nayo, familia isiaibike. Nilijipaka matabaka matatu. Poda juu. Nyusi nikazichora upya kabisa kutoka mwanzo. Nilipotoka Giman alisimama na kuniinamia kidogo, akidhani ni mkwe wake mpya, mama wa bwana harusi. Nikamwambia akae chini.

Kinasih akatoka. Paji la uso limechorwa kwa wino mweusi kama mila yetu inavyotaka, maua ya jasmini yamening'inia begani, na chini ya yote hayo alikuwa Kinasih. Hata kovu la kidevuni, alipoanguka na baiskeli, lilikuwa linaonekana kwa mbali ukilitafuta. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza huyu nani. Wanawake walianza kulia tu. Nilisikitika sana kwa ajili ya Yuniar.

Tukakaa jukwaani, Giman, mimi, mama yangu kulia kwangu. Kinasih akapiga magoti. Mimi nilikunja mikono mapajani, natazama. Akafika kwa bibi yake, akaweka kichwa magotini pake, kisha akainua uso. Mama alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili. Mpiga picha mwenyewe aliacha kupiga.

"Kinasih," akasema. "Umekonda, mjukuu wangu. Umekula?"

Kilio kilichotoka chini ya lile turubai! Giman alilia, bwana harusi alilia, Bu Painem alilia kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Mimi nilijizuia kwa sababu ya matabaka.

Ndipo Mama akanigeukia. Akanitazama vizuri, kuanzia nyusi hadi kidevuni. Akaanza kuzungumza nami kwa Kijava cha juu, kile tunachowawekea wageni na wakubwa. Hajawahi kunisemesha hivyo tangu nizaliwe. "Samahani sana, mama mheshimiwa," akasema. "Naomba usichukie. Kiti hiki kina mwenyewe. Ni cha mwanangu Warsiti. Anakuja sasa hivi."

Nikasema, Mama, ni mimi. Akatabasamu kwa adabu, tabasamu la kumpa mtu aliyepotea njia. Kinasih akasema, "Bibi, huyu ni Mama." Mama akasema Warsiti anamjua, yuko jikoni, huwa anakula nyuma ya mlango. Watu wakacheka. Alipoona sinyanyuki, akaniomba tena, kwa heshima ile ile, huku ameshika mkono wa kiti changu kama anayezuia nafasi kwenye treni.

Nikasimama. Ningefanya nini? Akaweka mkoba wake juu ya kiti ili mtu mwingine asikikalie. Nilikwenda kukaa safu ya nne, kati ya mtu wa maturubai na mke wake. Kwenye picha zote za leo kuna Giman, kuna mkoba, na kuna Mama anatazama upande wa jikoni.

Jumatatu, 16 Juni

Nilinawa jana kabla ya kulala. Taulo mbili.

Leo asubuhi nilimpelekea Mama uji. Aliponiona tu aliweka kijiko chini. Warsiti, ulikuwa wapi jana? Alinishikia kiti, anasema. Kuna mama mmoja mweupe, mkubwa mkubwa, alitaka kukikalia kwa nguvu, lakini alimwondoa. Anasema Kinasih alikuwa mzuri sana na inasikitisha kwamba mama yake hakumwona. Nikasema, Mama, nilikuwepo. Akanipapasa shavu, akasema hapana mwanangu, ungekuwepo ningekuona.

Iliniuma. Sitadanganya hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Nilikwenda kukaa bafuni kwa muda.

Huko bafuni, hata hivyo, nikafikiri kitaalamu. Mama aliyenizaa! Aliyenifuma na mbuzi mdomoni Alhamisi! Amekaa nami bega kwa bega na hakunijua! Mpambaji gani wa Klaten, wa Solo, wa Java yote, amewahi kufikisha manglingi mpaka hapo? Yuniar hatafika huko hata afunge mwaka mzima. Kama si wale wengine wote kunitambua, ingekuwa kazi kamilifu. Na walinitambua kwa nini? Nimeuliza. Bu Painem amesema wazi: mikono. Uso wa langsat, mikono ya sawo. Shingo pia. Kosa dogo la mpangilio, si la rangi.

Kile kichupa cha kahawia ya asali nimekijaribu mlangoni, nikangoja nusu saa. Kikapotea chote, hakikuonekana popote. Nimempa Giman azibie mikwaruzo ya tundu la tetere.

Mpwa wa Giman anaolewa Agosti. Bado nina makopo kumi na saba. Safari hii naanzia kwenye vidole.